Kupakia draiva kwenye Linux nyepesi: mwongozo kwa ofisi za forodha na usafirishaji Bujumbura

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazina uwezo wa kupokea Windows 11. Kwa wakala mdogo wa forodha mjini Bujumbura, ambaye kompyuta yake huenda ni ya mtumba kutoka Ubelgiji au Dubai, njia rahisi ya kuendelea na mashine hiyohiyo ni kuweka mfumo wa Linux ulio mwepesi. Mfumo ni wa bure na huwekwa kwa muda mfupi. Taabu huanza baadaye: printa haichapi, mizani ya ghalani haisomeki, intaneti haishiki.

Hili si jambo dogo kwa mtu wa biashara. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura kwa njia ya Kabanga na Kobero limekwisha kata zaidi ya kilomita 1,500. Likikwama kwa sababu karatasi haikuchapwa au tamko la forodha halikutumwa, anayelipa maegesho, posho ya dereva na gharama za kuchelewesha kontena ni mwenye mzigo. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Mamlaka ya Mapato, OBR, ilianzishwa mwaka 2009. Tangu hapo shughuli za forodha zimezidi kuhamia kwenye kompyuta, kupitia mfumo wa SYDONIA World uliotengenezwa na UNCTAD. Mfumo huo umeandikwa kwa lugha ya Java, ambayo hufanya kazi kwenye Linux pia. Kwa hiyo kikwazo kwa kawaida si programu ya forodha, ni vifaa vilivyounganishwa na kompyuta.

DRAIVA NI NINI

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa fulani. Msafirishaji ataelewa haraka: lori linaweza kuwa zima kabisa, lakini bila mtu anayezijua gia zake halitoki yadi.

Kwenye Windows, draiva huja na CD au hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji. Kwenye Linux nyingi kati yake zimo tayari ndani ya mfumo, kama vipande vinavyoitwa moduli, yaani mafaili yanayoishia na .ko. Vipande hivyo hufanya kazi chini ya kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo mzima.

Sasa, wanaotengeneza Linux nyepesi hupunguza uzito kwa kuacha vitu nje, na moduli ni miongoni mwa vinavyoachwa. Tiny Core, katika umbo lake dogo lisilo na madirisha, haizidi MB 20 kwa kiasi kikubwa. Mengine yote mtumiaji hujiongezea mwenyewe. Puppy Linux, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, hubeba moduli nyingi zaidi na huziweka katika faili la pembeni ambalo jina lake huanza na zdrv. antiX, iliyojengwa juu ya Debian, hubeba karibu kila kitu. Kwa ofisi isiyo na fundi wake wa kudumu, antiX au Puppy inafaa kuliko Tiny Core. Tiny Core inafaa kwa mashine yenye kazi moja tu, kwa mfano ile inayokaa kando ya mizani siku nzima.

Kabla ya kupakua chochote, ni vema kujua kama kompyuta ni ya biti 32 au 64. Lubuntu haikutoa tena toleo la biti 32 baada ya 18.10, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Mwenye Pentium 4 atafute toleo ambalo bado linamhudumia.

KUKITAMBUA KIFAA

Kosa la kwanza la wengi ni kutafuta draiva kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Jina la boksi halina maana kubwa. Kampuni moja huuza kifaa cha jina lilelile kikiwa na chipu tofauti kila mwaka, na kebo zisizo na jina kabisa zinajaa madukani. Kinachotakiwa ni namba ya utambulisho, ambayo kila kifaa cha USB huitoa kikichomekwa. Fundi hufungua dirisha la amri na kuandika:

lsusb

Kwa kadi zilizomo ndani ya kompyuta huandika:

lspci -nn

Jibu litakuwa na jozi ya namba, kwa mfano 1a86:7523. Sehemu ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya kifaa. Namba hiyo ya mfano ni ya chipu ya CH340, inayopatikana kwenye kebo za bei nafuu zinazogeuza tundu la zamani la mizani kuwa USB. Moduli yake ni ch341. Kebo yenye 067b:2303 hutumia moduli ya pl2303, yenye 10c4:ea60 hutumia cp210x, na yenye 0403:6001 hutumia ftdi_sio.

Kuhusu hizo za mwisho kuna habari inayowahusu wafanyabiashara moja kwa moja. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Uingereza ilitoa draiva ya Windows iliyokuwa ikizibadilisha chipu bandia namba na kuziandika 0000, hata kebo ikawa haitambuliki tena kwenye kompyuta yoyote ya Windows. Malalamiko yalikuwa makubwa na kampuni ikaiondoa draiva hiyo. Watunzaji wa Linux waliiongeza namba hiyo ya 0000 kwenye ftdi_sio, kwa hiyo kebo iliyouawa na Windows huenda ikafufuka kwenye Linux. Aliyenunua shehena ya kebo kama hizo asizitupe kabla ya kuzijaribu.

KERNELI NA DRAIVA LAZIMA ZILINGANE

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Moduli hutengenezwa kwa ajili ya kerneli moja maalumu. Moduli ya kerneli 5.15 haikubaliki kwenye 6.1, na hata ndani ya 5.15 tofauti ya namba ya mwisho au ya neno linalofuata inatosha kuikataa. Toleo linalotumika huonekana kwa amri hii:

uname -r

Kwenye Tiny Core 13, kwa mfano, jibu ni 5.15.10-tinycore, na kwa biti 64 ni 5.15.10-tinycore64. Moduli ya moja haiingii kwenye nyingine. Moduli yenyewe huulizwa imetengenezwa kwa kerneli ipi kwa amri ya modinfo, ikifuatiwa na jina la faili. Jibu liko kwenye mstari wa vermagic. Mstari huo na jibu la uname vikitofautiana, hakuna haja ya kuendelea.

Kompyuta husema yenyewe tatizo ni nini, ila kwa maneno mafupi. "Invalid module format" maana yake ni kwamba toleo halilingani. "Unknown symbol" maana yake kuna moduli nyingine iliyotakiwa itangulie. "No such device" mara nyingi ni kwamba kifaa hakijachomekwa, au draiva si yake. Maelezo zaidi hupatikana kwa kuandika dmesg mara tu baada ya jaribio na kusoma mistari ya mwisho.

Kama draiva haipo kabisa kwa kerneli hiyo, hubaki kuitengeneza kutoka kwenye maandishi yake ya asili, kazi inayohitaji programu za gcc na make pamoja na vichwa vya kerneli. Kuifanya kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ndogo ni mateso. Ni afadhali kuifanya kwenye mashine nyingine yenye nguvu iliyowekewa toleo lilelile, kisha faili la .ko lihamishwe kwa flashi. Wakati mwingine jibu rahisi zaidi ni kuhamia kerneli mpya: vifaa kadhaa vya Wi-Fi vya USB vyenye chipu za Realtek, kama RTL8821CU, vilikuwa vikihitaji draiva ya kutengeneza mwenyewe hadi vilipoingizwa ndani ya kerneli 6.2.

Mwenye mshirika Dar es Salaam au Kigoma anaweza kumwomba apakue vitu huko na kuvituma kwa flashi; ndivyo draiva inavyosafiri mfukoni mwa dereva. Lakini mshirika huyo apewe kwanza mambo matatu kwa ujumbe wa simu: jibu la uname -r, jibu la uname -m na namba ya kifaa. Bila hayo flashi itafika Bujumbura na faili lisilofaa, na safari nyingine ya Kobero haiji kesho.

INTANETI KWANZA

Kompyuta isiyo na intaneti haiwezi kujipakulia draiva ya intaneti. Njia ya mkato ni simu. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, Linux huiona kama kadi ya mtandao kwa moduli ya rndis_host, na kwa kawaida huitwa usb0. Wi-Fi haihitajiki. iPhone hutumia moduli ya ipheth. Kwa ofisi nyingi hii peke yake inamaliza tatizo, na zile draiva nyingine hupakuliwa kupitia hapo.

Modemu za zamani za Huawei ambazo bado zimo kwenye droo zina ujanja wao. Zikichomekwa hujifanya kwanza kuwa CD yenye draiva ya Windows, kwa mfano kwa namba 12d1:1446. Programu ya usb_modeswitch huzigeuza ziwe modemu. Namba hubadilika, moduli ya option hushika kazi, na /dev/ttyUSB0 hutokea. Asiyejua hili hudhani modemu imekufa.

KUPAKIA MODULI

Moduli iliyomo tayari kwenye mfumo hupakiwa kwa jina, na modprobe huleta pia nyingine inazozitegemea:

modprobe ch341

Faili lililoletwa kutoka nje hupakiwa kwa insmod na njia kamili ya mahali lilipo. Amri hii haileti kitu kingine chochote, kwa hiyo zinazotangulia zipakiwe kwanza. Amri zote mbili zinahitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Amri ya lsmod huonyesha zilizokwisha ingia.

Tuchukue ghala linalopima magunia ya kahawa. Mizani ina kebo ya FTDI, lakini mtengenezaji wa mizani ameipa kebo hiyo namba yake mwenyewe, kwa hiyo ftdi_sio haiitambui ingawa chipu ni ileile. Si lazima kutengeneza draiva mpya. Inatosha kuiambia iliyopo ikubali namba hiyo:

modprobe ftdi_sio
echo 0403 abcd > /sys/bus/usb-serial/drivers/ftdi_sio/new_id

Mahali pa abcd huwekwa namba iliyoonekana kwenye lsusb. Ikikubali, /dev/ttyUSB0 hutokea. Kisha mwendo wa mawasiliano hupangwa kama kitabu cha mizani kinavyosema, mara nyingi 9600, na uzito husomwa:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600
cat /dev/ttyUSB0

Tarakimu zikionekana ni herufi za ajabu, draiva ni nzima. Mwendo ndio haukulingana.

MFUMO UNAOSAHAU

Kazi yote hiyo inaweza kupotea umeme ukikatika, na Bujumbura umeme hukatika. Tiny Core huishi ndani ya RAM: kompyuta ikizimwa, kila kilichobadilishwa hufutika isipokuwa kile ilichoagizwa kukihifadhi. Moduli iliyonakiliwa kwenye /lib/modules haitakuwepo asubuhi. Faili liwekwe kwenye folda iliyo chini ya /opt, amri za kulipakia ziandikwe ndani ya /opt/bootlocal.sh, ambalo husomwa kila kompyuta inapowaka, kisha hifadhi ifanywe:

filetool.sh -b

Vifurushi vya Tiny Core vyenyewe, vile vya .tcz, huorodheshwa kwenye onboot.lst. Jina la kifurushi cha moduli hubeba toleo la kerneli, mfano wireless-5.15.10-tinycore.tcz, kwa hiyo anayepandisha mfumo bila kubadilisha vifurushi hivyo atawasha kompyuta isiyo na Wi-Fi.

Kwenye Puppy mtumiaji hutengeneza faili la hifadhi mara ya kwanza anapozima, na amri za kila siku huandikwa kwenye /etc/rc.d/rc.local. Puppy iliyowekwa kwenye flashi huenda isihifadhi papo hapo. Alama ya Save kwenye skrini ibonyezwe baada ya kila badiliko. antiX iliyowekwa kwenye diski haisahau: jina la moduli huandikwa kwenye /etc/modules, na faili la nje huingizwa chini ya /lib/modules na kufuatiwa na depmod -a.

Yoyote itakayotumika, kerneli isipandishwe siku mzigo uko njiani. Na flashi ya akiba yenye mfumo na draiva zote isikae kwenye droo ya ofisi ileile. Wanaoukumbuka moto wa soko kuu la Bujumbura wa tarehe 27 Januari 2013 hawahitaji kuelezwa sababu.

PRINTA MBILI ZINAZOSUMBUA

HP LaserJet 1020, yenye namba 03f0:2b17, imesambaa sana katika ofisi za Afrika Mashariki, na imewachosha mafundi wengi. Kompyuta husema kazi imetumwa, printa iko kimya. Sababu ni kwamba printa hii haihifadhi programu yake ya ndani, ile inayoitwa fimwea. Kila inapowashwa huwa tupu, na kompyuta inapaswa kuijaza upya. Kwenye Windows draiva hufanya hivyo bila mtu kujua. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na kifurushi cha foo2zjs, au HPLIP pamoja na nyongeza yake. Kwa mfumo mdogo usiotaka kubeba HPLIP, faili la fimwea huwekwa /opt na kutumwa kwa mkono:

modprobe usblp
cat /opt/draiva/sihp1020.dl > /dev/usb/lp0

Baada ya sekunde chache printa hunguruma na iko tayari. Umeme ukikatika na kurudi, hatua hii hurudiwa. Ofisi yenye printa hii na umeme usiotulia ifanye njia ya mkato kwenye skrini ili hata karani asiyejua Linux aweze kuibonyeza.

Nyingine ni zile za sindano, kama Epson LX-300 na LX-350, zinazopendwa kwa karatasi za nakala nyingi. Hizi ni tulivu zaidi. CUPS ina draiva yake chini ya jina la Epson 9-Pin. Ya zamani inayotumia tundu pana la nyuma ya kompyuta huhitaji moduli za parport_pc na lp, ambazo mifumo midogo hupenda kuziacha nje.

NANI KALETA FAILI HILI

Moduli ikishaingia kwenye kerneli ina mamlaka yote: inaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye kibodi, ikiwemo nywila ya wakala kwenye mfumo wa forodha. Kupakia faili la .ko kutoka kwenye flashi ya mtu asiyejulikana ni sawa na kumpa ufunguo wa lori aliyesimama barabarani. Draiva zichukuliwe kwenye hazina ya mfumo wenyewe, au zitengenezwe na fundi anayefahamika kutoka kwenye maandishi ya asili. Kwenye kompyuta mpya kidogo mfumo huenda ukakataa moduli isiyo na sahihi, kwa maneno "Key was rejected by service". Hiyo ni Secure Boot inayofanya kazi yake, na kuizima ni uamuzi wa mwenye ofisi, si wa fundi anayepita.

LISILO LA DRAIVA

Tatizo moja huletwa kwa mafundi wa Buyenzi na mjini kama la draiva na silo. Skana ya kusoma mistari ya bidhaa hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida, na Linux huikubali bila kuongezewa kitu. Lakini skana nyingi hutoka kiwandani zikidhani kibodi ni ya Kiingereza, wakati Bujumbura kompyuta nyingi zimepangwa kwa AZERTY ya Kifaransa au ya Kibelgiji. Matokeo yake A inakuwa Q, kontena inayoanza na MSCU inasomeka ?SCU, na tarakimu zinageuka alama kama & na é. Hakuna draiva itakayoponya hilo. Kitabu cha skana kina ukurasa wa alama za kuipanga lugha. Skana ielekezwe kwenye alama ya Kifaransa au ya Kibelgiji, kulingana na kibodi iliyopo, kwa kuwa hizo mbili hazifanani kwa kila kitu. Kama kitabu kimepotea, jina la skana lililo chini ya mpini hutosha kukipata kwenye tovuti ya mtengenezaji.